Kabati halikuwa langu: nilivyowaambia wasomaji mambo wasiyoyajua kunihusu

Nilidhani ni kazi ya jioni moja. Wasomaji wangu waliniomba niwaeleze mambo machache kunihusu ambayo hawayajui, na kwa mtu anayeshinda akiandika, hilo lingenishinda nini? Nikachukua karatasi, nikapanga namba moja hadi kumi pembeni, nikakaa. Ilinichukua wiki tatu.

Orodha ya kwanza niliimaliza ndani ya dakika ishirini, na hapo tu ningepaswa kushtuka. Napenda kusoma usiku. Sipendi kelele. Naandika vizuri zaidi alfajiri. Niliposoma kwa sauti nikamsikia mtu anayeomba kazi. Hapakuwa na mstari hata mmoja ambao jirani yangu asingeweza kutia sahihi yake. Nikaichana.

Ya pili ikaenda kinyume kabisa. Nikajiambia, kama ni siri basi ziwe siri kweli, nikamwaga kila kitu: madeni, ugomvi, mtu niliyemkosea nisimwombe radhi, maradhi ya mtu wa nyumbani. Mkono ulikuwa ukitetemeka nami nikadhani mtetemeko huo ndio dalili ya uandishi bora. Kesho yake nikaipitia kwa kalamu nyekundu, kila palipokuwa na mtu mwingine ndani ya habari natia alama. Katika mambo kumi, saba yalikuwa ya watu. Mimi nilikuwa shahidi tu, tena shahidi ambaye hakuna aliyemwita mahakamani.

Sisemi kwamba kumwaga ni vibaya. Watafiti wa saikolojia James Pennebaker na Sandra Beall walichapisha mwaka 1986 utafiti wao wa wanafunzi walioandika dakika 15 kwa siku, siku nne mfululizo, juu ya mambo mazito yaliyowahi kuwapata. Katika miezi iliyofuata, wale walioandika tukio pamoja na walivyojisikia walikwenda zahanati ya chuo mara chache kuliko wenzao. Lakini karatasi zile hazikuandikwa ili zisambazwe. Yangu nikaikunja, nikaiweka kwenye droo, na nakiri nililala vizuri usiku ule.

Kwa orodha ya tatu nilijiwekea masharti mawili. Jambo liwe langu mwenyewe. Na msomaji akishalijua, akirudi kwenye kazi zangu azisome kwa jicho jingine. Sharti hilo la pili ndilo lililonitoa jasho, maana siri nyingi za mtu hazibadilishi chochote. Wewe kujua ninavaa kiatu namba ngapi kutakusaidia nini? Yakabaki manne. Kwamba nilikuwa na kigugumizi hadi utu uzima uliponikaribia, na neno lililonishinda kuliko yote lilikuwa jina langu, ndiyo maana wahusika wangu huchelewa kujitambulisha. Kwamba kalamu naishika kwa mkono wa kulia ila mengine yote nayafanya kwa kushoto. Habari ya utotoni ya kabati, ambayo nitaifikia. Na la nne: sioni picha kichwani.

Hili la nne nilikaa nalo muda mrefu. Nilikuwa mtu mzima nilipogundua kwamba watu wanaposema "fumba macho, mwone mama yako" hawatumii tamathali ya usemi. Wanamwona. Labda si kwa ukamilifu, lakini kuna kitu pale. Mimi nikifumba macho napata giza. Najua mama ana alama nyeusi chini ya jicho la kushoto, najua kama ninavyojua namba yake ya simu. Na mimi ndiye yule ambaye wasomaji humwambia, "Unaandika kama unapaka rangi." Kila niliposikia sifa hiyo nilijiona kama mtu anayeshukuriwa kwa zawadi iliyotoka kwa jirani.

Nikaanza kuandika sehemu hiyo, nikaanza mbali sana. Nikaeleza jinsi mwanasayansi Mwingereza Francis Galton, mwaka 1880, alivyochapisha majibu ya watu aliowaomba waifikirie meza ya kifungua kinywa waliyokaa asubuhi hiyo, kisha wamwambie kama picha ni angavu au hafifu, kama ina rangi; na alivyoshangaa kuwakuta wanasayansi waliosema kitu hicho hawakijui kabisa. Nikaja kwa daktari wa ubongo Adam Zeman na wenzake, ambao mwaka 2015 waliipa hali hiyo jina la afantasia baada ya watu 21 kujitokeza kueleza kwamba hawajawahi kuona picha kichwani tangu wazaliwe, ingawa wengi wao huziona wakiwa ndotoni. Nikamtaja hata Ed Catmull, mmoja wa waanzilishi wa Pixar, kampuni ya filamu za katuni inayoishi kwa picha, ambaye yeye mwenyewe haoni kitu akifumba macho. Kurasa mbili, safi, zimenyooka.

Rafiki yangu anayenisomea kazi kabla hazijatoka alizirudisha na swali moja pembeni: "Wewe uko wapi?"

Nilikasirika, kisha nikaona ana haki. Nilikuwa nimejijengea ua wa maprofesa nikajibanza nyuma yake. Nikazifuta zote nikaandika habari ya mlango. Katika hadithi yangu moja kuna mlango ambao watu wameusifia sana, jinsi rangi ilivyobanduka karibu na kitasa, jinsi ubao wa chini ulivyovimba kwa maji. Nikawaambia ukweli: mlango ule upo. Nilikwenda nikachuchumaa mbele yake na daftari, nikaandika nilichokiona kipande kwa kipande, kwa sababu nikishageuza mgongo umekwisha. Nilipitisha kidole kwenye ule ubao ili nipate neno la jinsi ulivyokwaruza. Madaftari yangu yamejaa vitu vya namna hiyo, vikombe, visigino, namna mtu anavyoshika mwavuli uliofungwa. Sichori kutoka kichwani, nanakili. Sentensi hiyo ilipotoka ndipo nilipojua nimeanza kusema.

Hofu haikuondoka. Niliwaza watasema nimewadanganya miaka yote hii. Kilichonituliza kidogo ni jaribio ambalo mwanasaikolojia Thomas Gilovich na wenzake walilitoa mwaka 2000. Waliwavalisha wanafunzi fulana yenye picha ya mwimbaji Barry Manilow, fulana ya kumtia mtu haya, kisha wakawaingiza chumbani walimokaa wenzao. Waliovaa walikisia kwamba karibu nusu ya waliokuwamo wameitambua sura ile kifuani. Waliotambua kweli walikuwa kama robo. Tunajiona tumesimama kwenye taa kali kuliko ilivyo. Nikajiambia fulana yangu wataiona robo, na katika robo hiyo wengi wataisahau kabla ya jioni. Ni faraja yenye uchungu kwa mwandishi, lakini ilifanya kazi.

Jambo moja la haraka kabla ya kabati. Katika rasimu nilikuwa nimetaja jina la mbwa wangu wa kwanza, mtaa nilikokulia, na jina la ukoo la mama. Habari tamu, hazina ubaya. Kisha nikakumbuka kwamba ndiyo maswali yaleyale ambayo huduma za intaneti huuliza mtu anaposahau nywila. Mbwa akabaki, jina lake likatoka.

Sasa kabati. Tangu nipate akili nimekuwa nikisimulia kwamba siku moja walikuja wageni, mimi nikaona haya, nikaingia kwenye kabati la nguo nikajifungia. Usingizi ukanichukua. Nyumba nzima ikanitafuta, nje na ndani, mama akilia, mpaka nilipojitokeza mwenyewe nikiuliza kama wageni wameondoka. Nilitaka kumalizia nayo, kwa sababu inaeleza mengi kuhusu mtu anayependa kuwatazama watu bila kuonekana. Kwa kuwa ilikuwa na mama ndani yake na dada ndani yake, nikaona ni adabu kupiga simu kwanza.

"Dada, nataka kuandika habari ya kabati."

"Kabati gani?"

"Lile nililolala siku wageni walipokuja."

Kimya. Kisha akacheka, kile kicheko chake cha kuanzia mbali. "Mdogo wangu, siku ile wewe hata kutembea ulikuwa hujajua. Aliyelala kabatini ni mimi."

Nikabisha. Nilibisha kwa nguvu kabisa, kama mtu anayenyang'anywa shamba. Akaniacha nimalize, kisha akaanza kutaja vitu: harufu ya naftalini iliyomkereketa koo, uzi wa mwanga chini ya mlango, mkono wa sweta ya baba uliokuwa ukimgusa shavu kila akigeuka, kifungo alichokishika mpaka kikang'oka na akakificha mdomoni asije akagombezwa. Akaniuliza, "Na wewe unakumbuka nini?" Nikafumba macho kutafuta. Nilichokuwa nacho ni maneno ya hadithi, tena kwa mpangilio uleule anaoutumia mama kuisimulia.

Kumbe tukio lilikuwa lake, nami nilikuwa nimelisikia mara nyingi hadi nikahamia ndani. Baadaye nilikuta kwamba watafiti wa kumbukumbu Mercedes Sheen, Simon Kemp na David Rubin waliwachunguza mapacha, wakachapisha mwaka 2001 jinsi ambavyo ndugu wawili huweza kudai tukio moja, kila mmoja akiapa kwamba lilimpata yeye. Kwa hiyo siwezi kusingizia giza langu. Wenye picha kichwani nao huibiana. Lakini nina hisia kwamba kwangu wizi huu ni rahisi zaidi. Kumbukumbu zangu zote zina sura moja, sura ya sentensi, na sentensi ya mtu mwingine ikiingia haina cha kuitambulisha kuwa ni mgeni.

Nilitaka kuliondoa kabati. Siku mbili orodha ilikaa na mambo matatu. Kisha nikaona jambo ambalo wasomaji hawalijui kunihusu ndilo hilo hasa: kwamba habari niipendayo kuliko zote za utoto wangu haikunitokea. Nikampigia tena dada kuomba ruhusa. Akasema sawa, kwa sharti kwamba nimtumie kwanza aisome, na kwamba niandike wazi kabati ni lake.

Alinirudishia jioni hiyohiyo. Hakugusa pale nilipoeleza nilivyobisha, ingawa nilikuwa nimejipunguzia ukali kidogo na nilijua ameona. Alisahihisha neno moja tu. Nilikuwa nimeandika sweta nyekundu, na sijui niliitoa wapi hiyo nyekundu. "Ilikuwa ya kijani," aliandika, "kijani iliyokolea, na kiwiko kilikuwa kimetatuka."

Nikafuta nyekundu, nikaandika kijani. Kiwiko nikakiongeza.