Farasi Aliyenyamaza Si Lazima Awe Ametulia

Asubuhi ya leo, katika uwanja wetu wa mazoezi karibu na Usa River, nilitumia dakika 20 nzima kumfundisha Radi kutembea hatua chache na kusimama, kisha kugeuka, kurudi nyuma na kusimama tena. Radi ni farasi jike mwembamba, mwepesi wa kushtuka, ambaye damu humchemka hata kabla tandiko halijakazwa. Zamani nilikuwa nikimzungusha kwa kamba ndefu mpaka atoke jasho, nikiamini kwamba uchovu ungemtuliza. Nilikosea, kwa sababu farasi anayekimbizwa kila siku hujenga pumzi na misuli, na baada ya muda nilikuwa na farasi yuleyule mwenye wasiwasi uleule, ila sasa alihitaji saa nzima ndipo achoke. Kinachomfaa ni kazi ya kufikiri: kona nyingi, magogo ya kuvuka taratibu, na mabadiliko ya mwendo yanayomfanya anisikilize.

Msimu nao una nafasi yake. Wakati wa masika tunawaingiza farasi bandani kabla jua halijazama na kuwatoa likiwa limeshapanda, kwa kuwa visubi wanaoeneza ugonjwa wa farasi wa Kiafrika huuma zaidi kati ya machweo na mapambazuko. Farasi kama Radi akikaa bandani muda wote huo huku akilishwa nafaka, asubuhi hashikiki. Miezi hiyo nampunguzia mahindi, namwongezea nyasi kavu, na kumwacha ajinyooshe uwanjani kabla sijamgusa.

Tembo, farasi mkubwa aliyehasiwa, ni kinyume chake. Wapandaji wengi humpiga visigino mfululizo mpaka ubavu wake unakufa ganzi. Mimi humwomba kwa mguu mara moja, kwa wepesi; asipoitika, humwomba mara moja kwa nguvu, na papo hapo anapokwenda naacha kabisa, maana farasi hujifunza pale anapoachiliwa. Vipindi vyake ni vifupi, na humpitisha njia za mashambani badala ya kumzungusha uwanjani. Hata hivyo, kabla sijamwita farasi yeyote mvivu, hukagua kwanza meno, kwato na mgongo.

Aliyenifundisha zaidi ni wa tatu, Kimya. Alikuja kwetu akisifiwa upole, nami nikamfundisha kama Tembo. Mzee mmoja ninayefanya naye kazi alimtazama kwa siku mbili, kisha akaniambia, “Mwanangu, huyu hajatulia. Huyu amejificha.” Nilipomwangalia vizuri niliona macho yasiyopepesa, midomo iliyobanwa, mkia uliogandamizwa na masikio yasiyofuata sauti yoyote. Siku chache baadaye upepo ulipeperusha gunia, naye akaruka na kutoka shoti bila kutoa dalili yoyote kabla. Hofu iliyokuwa imefungiwa ndani ilitoka yote kwa mara moja.

Nilirudi naye mwanzo kabisa. Nilikuwa nasimama usawa wa bega lake, kwa sababu farasi haoni kilicho mbele kabisa ya paji la uso wake wala kilicho nyuma ya mkia. Nilinyoosha mkono polepole na kuurudisha mara tu alipopepesa jicho, alipotafuna au alipoteremsha shingo. Kazi hiyo haina cha kumwonyesha mgeni anayepita, na kuna siku iliisha baada ya dakika 5 tu, lakini naithamini kuliko mbio zozote nilizowahi kumfundisha farasi.

Katika wiki ya tatu nilimletea tandiko, naye akageuza kichwa, akalaza masikio na kusogea pembeni. Kwa farasi mwingine ningeuita ukaidi. Kwa Kimya nilifurahi mno, nikaliweka tandiko chini. Nilipolikagua nilikuta linambana mabegani, na kwa siku zote zile alikuwa amelivumilia bila kusogeza hata sikio. Sasa tunatumia jingine.