Mgeni aliyeletwa na bibi

Hii ilikuwa 1999, niko kidato cha pili Iringa, bibi akaja kuniona kutoka Njombe na kiroba cha viazi na maparachichi utadhani shuleni hatuli kabisa. Jumamosi nikaomba ruhusa nimtembeze mjini, nikajua atataka sokoni tu, yeye ananiambia "mume wangu, nipeleke makaburi ya wazungu". Nikacheka, yeye hakucheka.

Baba yake mkubwa alichukuliwa kubeba mizigo vita ya kwanza, baada ya Waingereza kuingia Iringa mwezi wa nane 1916. Hakuwa askari jamani, mpagazi tu, unga na risasi kichwani, mvua yake jua lake. Ndo hakurudi. Sasa kuna mtu kanisani alimwambia bibi kwamba waliokufa vita ile wameandikwa majina kule Iringa, kwenye mawe, na mpaka leo kuna mtu analipwa kuwafagilia. Nadhani hilo la kufagiliwa ndo lilimtoa Njombe, viazi ilikuwa kisingizio.

Tukafika, majani yamekatwa vizuri kuliko uwanja wetu wa mpira. Bibi hajui kusoma kwa hiyo kazi ikawa yangu, nasoma jiwe moja moja kwa sauti, jina, kikosi, tarehe, Mwingereza, kaburu wa Afrika Kusini, matamshi yenyewe Mungu anajua, na kila jina bibi anaitikia "ehee" halafu "siyo huyu, endelea". Mstari wa tatu njaa ikanishika, nikamwambia bibi huyu babu hatumpati hapa. "Soma wewe, mwenzio alitembea mpaka akafa."

Tukamaliza yote. Hayupo, na hakuna hata jina linalofanana na ya kwetu.

Miaka mingi baadaye nilisimama Posta Dar kwenye sanamu ya Askari, ile ya 1927, maandishi yake yanawasifu wapagazi kwamba walikuwa miguu na mikono ya majeshi, halafu yanaahidi eti ukifa ukipigania nchi yako wanao watalikumbuka jina lako. Nikaizunguka sanamu nzima natafuta hayo majina, hamna hata moja! Na 2021 tume yenyewe ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ikatoa ripoti, watu wasiopungua 116,000, wengi wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa kwa majina. Bibi alikuwa keshafariki, ila yeye hesabu hiyo aliishafanya siku ile kwa masikio.

Basi wakati tunatoka mzee mtunzaji akatuletea daftari la wageni tusaini. Bibi akaniambia andika jina la babu yako, ambalo kwa bahati ndo jina langu la pili, nikaandika. Yule mzee akachungulia akasema hapana mama, hapo anaandikwa mgeni aliyekuja leo.

"Na huyu kaja leo, mimi nimemleta."

Mzee akanyamaza. Anwani nikaweka Njombe. Ikabaki sehemu ya maoni, nikamuuliza bibi niandike nini, akafikiria kidogo huku anakaza kitenge chake.

"Andika bado hajalipwa."

Nikaandika hivyo hivyo, mzee akasoma, akafunga daftari, na sisi tukateremka stendi kuwahi gari ya Njombe.