Uzi wa kioo wenye matundu, uliosokotwa Kakamega

Ukipasha mrija wa kioo ukalainika kisha ukauvuta, tundu lake halipotei. Hupungua tu pamoja na mrija. Hilo ndilo lililonitia moyo, mimi fundi wa maabara ya shule ya upili hapa Kakamega, nijaribu kazi ambayo wataalamu wa faiba, yaani nyuzi za kioo za kupitishia mwanga, huifanya kwa kioo safi cha silika katika tanuri la nyuzijoto zipatazo 2,000 za Selsiasi. Nina kichomeo cha Bunsen tu, kile cha gesi cha maabara, lakini kioo cha soda, yaani kioo cha kawaida, hulainika kwa moto huo.

Nilipanga mirija sita, ile myembamba ya kupimia damu, kuzunguka kijiti kisicho na tundu cha kioo hichohicho, unene uleule. Sita hukizingira kimoja barabara. Usichanganye aina mbili za kioo, vikipoa hupasuana. Nikafunga kitita kwa waya wa shaba, nikaziba ncha za mirija kwa moto ili hewa iliyonaswa izuie matundu yasijifunge.

Moto ndio kazi yenyewe. Ukizidi, kioo hujikusanya na matundu huziba. Ukipungua, kitita hukatika. Nilikizungusha polepole, miwani ya kinga usoni, hadi kikaanza kulegea. Nikakitoa motoni, mwenzangu akashikilia ncha moja, nami nikavuta huku nikisokota ya pili. Hapo una sekunde chache tu! Tulikomea unene wa sindano kubwa ili hadubini ya shule iweze kutufaa.

Kupima kulinifurahisha zaidi. Nilikwaruza uzi kwa tupa, nikaukata, nikachovya ncha katika maji ya wino. Tundu lililo wazi hunywa wino lenyewe.

"Mwalimu, unapanda ukizunguka!" akasema mwanafunzi mmoja.

Tone la glisirini juu ya uzi hupunguza mng'aro. Kisha unafuata mstari mmoja wa wino hadi urudi upande uleule. Umbali huo ndio hatua ya msokoto.

Mwanafizikia Philip Russell na wenzake walitengeneza uzi wa matundu wa kupitishia mwanga huko Southampton, Uingereza, mwaka 1996. Mwaka 2016 kundi lake la Erlangen, Ujerumani, lilionyesha kwamba msokoto peke yake unaweza kushika mwanga ndani ya uzi pasipo kiini, ile sehemu ya katikati ambamo mwanga hupita kwa kawaida. Matundu yetu ni makubwa mno kwa hilo. Sasa natafuta mrija mpana wa soda niingize kitita ndani na kukivuta mara mbili. Msokoto nitauacha kwa mvuto wa mwisho, maana kuvuta kioo kilichokwisha kusokotwa hurefusha hatua.