Kifurushi cha Popo: Siku Moja Maishani Mwangu

Kazi yangu ni kupanga vifurushi katika mfumo wa ankara wa kampuni ndogo ya intaneti mjini Mombasa. Siku hii nilikuwa na agizo la kuunda vifurushi viwili vipya, kimoja cha nyumbani na kingine cha usiku ambacho wenzangu walikwisha kukibandika jina la Popo.

Saa 2:00 asubuhi. Kama kawaida, nilianza na malipo ya M-Pesa yasiyo na mwenyewe. Mfumo humtambua mteja kwa namba ya akaunti, lakini watu huandika watakavyo, na leo watatu walikuwa wamelipa huku mmoja akiandika jina lake, wa pili jina la mwenye nyumba, na wa tatu neno «WiFi» basi. Wawili niliwatambua kwa namba za simu. Huyo wa WiFi nilimsubiri apige, naye alipiga, tena kwa ukali.

Saa 3:30. Kifurushi cha nyumbani kina kasi ya Mbps (megabiti kwa sekunde) 10 za kupakua na 5 za kupakia, kwa shilingi 2,500 kwa mwezi. Fomu yake ni fupi, ila nafasi ya kasi ina mtego, kwa sababu ruta za MikroTik huyatazama mambo kwa upande wao: namba ya kwanza ni ile ruta inayopokea kutoka kwa mteja, yaani kupakia, na ya pili ndiyo kupakua. Kwa hiyo huandikwa 5M/10M. Mwaka wangu wa kwanza niliigeuza, na wateja wakakaa wiki nzima na nusu ya kasi waliyoilipia kabla sijagundua.

Saa 4:30. Ilifuata kodi. Bei ya kwenye bango ndiyo mteja atakayoitoa mfukoni, hivyo ni lazima nirudi nyuma: ushuru wa bidhaa wa asilimia 15 hutozwa kwanza, kisha VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 16 juu ya jumla hiyo, jambo linalomaanisha kugawanya 2,500 kwa 1.334, yaani 1.15 mara 1.16. Kampuni inabaki na 1,874.06. Anayejumlisha 15 na 16 akapata 31 hupata hesabu inayokaribia ukweli, nayo ndiyo humchosha mhasibu mwisho wa mwezi.

Saa 7:00 mchana. Wali wa nazi, samaki, kisha kazini.

Saa 8:00. Popo inauzwa kwa kutumika saa 4 usiku hadi saa 12 asubuhi. Mwenzangu aliyeanza kuijaza alikuwa ameandika 04:00 hadi 12:00, vile vile tunavyotamka. Mfumo haujui Kiswahili; ungewafungulia wateja alfajiri na kuwaacha wakitamba hadi adhuhuri. Nilisahihisha ikawa 22:00 hadi 06:00, kisha nikahakikisha kwamba seva, yaani kompyuta inayoendesha mfumo, inafuata saa za Afrika Mashariki, kwani ikiachwa kwenye UTC, saa ya kimataifa, kila kitu husogea kwa saa tatu.

Hata hivyo, kuandika saa sahihi hakutoshi. Seva hukagua muda pale mteja anapoingia tu. Akishaingia, ruta haiulizi tena. Ni lazima seva iiambie ruta sekunde zilizosalia ili imkate mteja zikiisha. Kwa kuwa sikuweza kungoja alfajiri ndipo nijue, nilitengeneza nakala ya majaribio ya 14:30 hadi 14:40, nikaunganisha ruta ya ofisini saa 8:33 na kukodolea macho orodha ya waliounganishwa. Sekunde 420. Saa 8:40 jina likatoweka, na nilipojaribu kuingia tena nikakataliwa. Hapo ndipo nilipoifungua Popo kwa wateja.

Saa 10:30 jioni. Mteja mmoja alihamia kifurushi cha Mbps 10, akalalamika kwamba hajaona tofauti. Malipo yalikuwa yamepokelewa na kifurushi kimebadilika, lakini muunganisho wake ulikuwa ule ule wa asubuhi, wenye kasi ya zamani. Nilimkata kwa makusudi. Ruta yake ikajiunganisha upya na kasi mpya.

Saa 4:02 usiku. Nikiwa nyumbani Likoni, nilifungua mfumo kwenye simu. Mteja wa kwanza wa Popo alikuwa ndani, na mbele ya jina lake palisomeka sekunde 28,680.