Siku Moja ya Mfugaji wa Chanika

Saa kumi na moja alfajiri, kazi ya kwanza zizini kwetu Chanika, pembezoni mwa Dar es Salaam, ni kutazama. Kulisha huja baadaye. Ng'ombe mwenye afya huinuka, hujinyoosha mgongo na kuendelea kucheua, ilhali yule anayebaki pembeni, masikio yameanguka na pua imekauka, ndiye anayepaswa kushughulikiwa kabla ya wengine. Jana alikuwa maksai mwekundu niliyemnunua mnadani Pugu, aliyesafirishwa kwa lori kutoka Shinyanga. Nilipompapasa chini ya sikio nilikuta tezi limevimba ukubwa wa limau, na kipimajoto kilionyesha nyuzi 40.8, ambazo kwa ng'ombe ni homa kali.

Nilihofia ndigana kali, ugonjwa unaoenezwa na kupe, na ambao huwaangusha haraka ng'ombe waliodhoofishwa na safari ndefu. Tiba yake ipo, ila ni ghali na hufaa zaidi inapowahi. Mapafu yakishajaa maji na povu likaanza kutoka puani, mara nyingi mfugaji hubaki na mzoga na deni.

Saa moja asubuhi afisa mifugo alifika, akamchunguza, akamchoma sindano na kuandika tarehe daftarini. Kuanzia hapo maksai huyo hawezi kuuzwa kwa nyama mpaka zipite siku zilizoandikwa kwenye chupa ya dawa, hata kama mnunuzi atasimama langoni na fedha mkononi. Siku zote hizo atakula, atakunywa na kuhudumiwa, na gharama ni yangu. Nalitaja hili kwa sababu nimesikia mara nyingi, tena kwa watu waungwana, kwamba wafugaji tunawalisha watu dawa bila kujali. Wapo wanaofanya hivyo na wanastahili kuadhibiwa. Lakini wapo wengi wanaokula hasara kimya kimya ili mlaji awe salama, na hao hawatajwi.

Saa tatu tulilisha. Chakula cha unenepeshaji ni pumba za mahindi, mashudu ya alizeti, molasi, madini na majani makavu, na ng'ombe hukaa nasi kwa takriban miezi mitatu kabla ya kuuzwa. Bei ya mashudu ikipanda katikati ya muda huo, huwezi kumwambia ng'ombe asubiri.

Saa tano nilikuwa Pugu. Malori yaliyotoka mikoa ya bara yalikuwa yanashusha mifugo, na ng'ombe mmoja alishindwa kusimama baada ya safari, ikabidi vijana wanne wamwinue kwa kumshika mkia na mabega huku mwenye mali akimmiminia maji kichwani. Mwenye mali huyo, mzee wa makamo, alikuwa na kibali chake cha kusafirishia mifugo mkononi na macho mekundu kwa kukosa usingizi. Tulipokuwa tunasalimiana, kijana mmoja aliyekuwa anapita alipaza sauti: "Nyie ndio mnaomaliza maji ya Ruvu!" Mzee hakujibu. Alikuwa ametoka Singida, na wala ng'ombe wake hawajawahi kunywa maji ya mto huo.

Kauli hiyo ina historia. Mwishoni mwa mwaka 2022 mvua zilipokosekana na Mto Ruvu ukapungua, Dar es Salaam iliingia katika mgawo wa maji, na wafugaji wakawa miongoni mwa wa kwanza kunyooshewa kidole. Ni kweli kwamba mifugo mingi ikiingia mtoni huharibu kingo na kuchafua maji, na sitetei jambo hilo. Lakini mto unaotoka milima ya Uluguru unabeba pia kilimo cha umwagiliaji, ukataji wa misitu na kiu ya jiji la mamilioni ya watu. Mwaka 2006, mifugo ilipoondolewa bonde la Usangu, mkoani Mbeya, sababu iliyotolewa ilikuwa kunusuru maji. Familia nyingi zilihamia na ng'ombe wao upande wa Lindi na Rufiji, na migogoro ikahamia nao. Ng'ombe hatoweki kwa kufukuzwa.

Tangu 2010 tuna Sheria ya Nyanda za Malisho na Rasilimali za Vyakula vya Mifugo. Hata hivyo, pale ambapo kijiji hakijapima malisho wala kutenga njia ya mifugo, mchungaji hupita pasipo njia, na mkulima ambaye mahindi yake yameliwa ana haki kamili ya kulia na kulipwa. Wote wawili wanaumizwa na mpango ambao haukufanywa. Desemba 2000 watu waliuawa Rudewa Mbuyuni, Kilosa, katika mgogoro wa aina hiyo, na ndiyo maana siwezi kuyachukulia kama mzaha matusi ya barabarani.

Saa kumi jioni tulikuwa na kikao katika ofisi ya serikali ya mtaa, kwa sababu majirani walikuwa wamelalamikia zizi langu. Kijana mmoja alisema hapa ni mjini, turudi porini. Mama wa nyumba inayopakana na yangu alizungumza kwa namna nyingine: "Baba, mimi sina ugomvi na ng'ombe wako. Nina mtoto mwenye pumu, na nzi wanaingia mpaka jikoni." Nilimwambia, "Mama, hiyo ni haki yako, niambie unataka nifanye nini." Aliniambia, nami nilimweleza kwa nini samadi hurundikana wakati wa mvua, gari la kuisomba linaposhindwa kuingia kwenye barabara yetu. Hakuwa analijua hilo, kama ambavyo mimi sikuwa najua habari za mtoto wake.

Mwenyekiti aliandika makubaliano. Samadi itaondolewa kila Jumatano na Jumamosi, na mvua zikikatiza barabara nitaifunika kwa turubai. Rundo litahamishiwa upande wa mikorosho, mbali na ukuta wa yule mama. Wao walikubali kwamba lalamiko lolote litafika kwangu kwanza kabla ya kupelekwa kwingine, na kwamba wachungaji wangu, ambao ni watoto wa watu, hawatatukanwa tena njiani wanapowapeleka ng'ombe majini. Yule kijana naye alitia saini.