Punje Tatu

Jana mwanafunzi aliniuliza kwa nini nahesabu punje za kinyesi cha simbilisi kabla hata ya kusoma chati. Nikamkumbuka yule wa gramu 800, aliyevunjika pingili ya uti wa mgongo, kiunoni.

Hatukumnyima chakula kabla ya upasuaji: simbilisi hatapiki, na tumbo likikaa tupu utumbo husimama. Tulimsukutua tu mdomo, maana mabaki ya nyasi huweza kuingia mapafuni. Buprenofini ya maumivu miligramu 0.04, midazolamu ya kumtuliza 0.8, kisha isoflureni, gesi ya usingizi, kwa barakoa. Koo lake lina kitundu chembamba mno kwa mrija wa kupumulia. Kabla ya kisu, nilimchoma ganzi kandokando ya uti: bupivakaini miligramu 0.8, iliyozimuliwa kwa maji ya chumvi.

Daktari alipoanza kukwangua mfupa, pumzi zikashuka. 40 kwa dakika, 28, 16. Nikadhani gesi imezidi, nikaiteremsha kutoka asilimia 2 hadi 1.5. Zikafika 12. Moyo ulisikika bado, ila mapigo yalianza kuachana. Nikainama nikachungulia chini ya shuka. Nilikuwa nimekunja taulo mbili, moja kifuani na moja nyongani, ili tumbo lining'inie. Zilikuwa zimeteleza. Utumbo uliojaa ulikuwa unakisukuma kiwambo kilicho chini ya mapafu, na kwa juu kiganja cha daktari kimeegemea mbavu.

"Daktari, inua mkono."

Akauinua. Nikazirudisha taulo kwa vidole viwili. Kifua kikatulia tuli. Kisha mbavu zikatanuka, mara moja, halafu tena.

Mengine yalikwenda upesi. Joto lilikuwa limeshuka hadi 35.4, tukampasha kwa hewa ya moto. Alipozinduka nikampa meloksikamu, dawa nyingine ya maumivu, miligramu 0.4, na uji wa nyasi mililita 8 kila baada ya saa nne. Kibofu tulikikamua kwa mkono.

Usiku alijikunyata kimya, macho nusu, manyoya yamesimama. Dozi ya pili ya buprenofini niliichelewesha saa nzima, nikihofia itazidi kuupooza utumbo. Alfajiri nikakuta punje tatu, ndogo na kavu. Machozi yalinilengalenga.

Mwanafunzi akauliza kama zilimaanisha maumivu yamekwisha. Nikamwambia zilimaanisha utumbo unatembea. Ile saa moja niliyosita, bado naiwaza.