Mkosi wa mteja wa kwanza

Muuza nyanya wa Kongowea, soko la Mombasa, akishikilia kwamba mteja wa kwanza akikopa basi siku imeingia mkosi, usibishane naye. Mpe daftari, siku 30.

Ukurasa augawe vyumba vinne: kakopwa, mauzo mabaya; kakopwa, mazuri; hakukopwa, mabaya; hakukopwa, mazuri. Kiwango cha "mabaya" kiandikwe kabla, mathalani chini ya shilingi 2,000. Akingoja jioni, imani ndiyo itakayopima.

Tuseme alikopwa siku 10, mbaya zikawa 6. Si ndio huo mkosi! Lakini siku 20 ambazo hakukopwa, mbaya zikawa 12. Sita kwa kumi, huku na huku. Kichwa kimehifadhi zile 6 kwa sababu zina kisa. Zile 12 zimesingiziwa mvua.

Kutafuta kinachounga mkono tu si kosa la muuza nyanya peke yake. Mwaka 1960 mwanasaikolojia Peter Wason, huko London, aliwapa watu namba 2, 4, 6 wakisie kanuni yake kwa kujaribu namba nyingine. Wengi walijaribu namba za kuunga mkono dhana yao tu. Kanuni yenyewe: namba zozote zinazopanda.

Penye ugumu ni hapa. Aliyekopwa asubuhi hununa, wateja wakapita kwa jirani, na kweli hauzi. Daftari litaonyesha mkosi, kumbe ni uso. Kwa hiyo mteja wa kwanza ahudumiwe na mwenzake, aandike kando, na mwenye meza asiambiwe kama kakopwa mpaka pesa zihesabiwe. Ni rahisi kushindwa kuvumilia, akachungulia kabla ya adhuhuri.